Pikipiki ya Nyuzi Sabini

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Iko pale pale, ila mchora ramani alipoifikia aliona jirani zake wanang'aa zaidi, akaishia kuwachora hao. Sisi hatukukasirika. Tuliona wivu tu, na kwetu wivu ni sera ya serikali.

Sera hiyo ilianza siku Mtukufu Rais alipomtembelea Rais wa nchi ya ng'ambo ya mto. Alipokelewa na pikipiki ishirini na nne, nyeusi, zikitembea mbili mbili kama wasindikiza harusi, na hakuna hata moja iliyozimika njiani. Za kwetu zilikuwa sita, na mbili kati ya hizo zilisukumwa na askari waliofundishwa kutabasamu wakisukuma. Mtukufu alirudi nyumbani akasusa chakula siku tatu. Siku ya nne alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona wivu."

Hakuna aliyejua kama inafaa kumpa pole au kumpa hongera.

"Lakini si huu wivu wenu wa uani, wa sufuria ya nani na pazia la nani. Huu wangu ni wivu wa maendeleo!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikachubuka, na wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Wivu wa Maendeleo. Kauli mbiu yake ilikuwa *Tuone, Tuumie, Tuunde*. Ilikuwa na Kurugenzi ya Kuchungulia, yenye minara na darubini mpakani, na kila asubuhi kurugenzi hiyo ilileta taarifa ya mambo ya kuumia siku hiyo. Jirani amepaka daraja rangi. Jirani amepanda maua katikati ya barabara. Jirani amepunguza tumbo. Taarifa ilisomwa redioni kabla ya hali ya hewa, na watumishi wa serikali tulitakiwa kuumia hadi saa nne, ndipo tunywe chai.

Niliwahi kuitumikia Wizara hiyo, na naomba niseme mapema kwamba walitutunza vizuri.

*

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna kitu kitakachoundwa nchini mpaka kithibitishwe kwamba kinatia wivu wa nyuzi sabini. Shida ikawa, apimwe nani? Kwanza walipimwa wakubwa. Waziri wetu, Mheshimiwa Tung'ombe, alionyeshwa mfano wa baiskeli, wa jiko na wa saa ya ukutani. Kila mara aliandika: "Sijaona wivu. Mimi ninazo tatu." Wakurugenzi nao wakaandika hivyo hivyo, kwani nani atathubutu kuona wivu kabla ya bosi wake? Kwa miaka minne nchi haikuunda hata kijiko.

Ndipo ikaamuliwa atafutwe mtu mwenye moyo unaosomeka.

Mimi sikuomba kazi hiyo. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nimesomea uchoraji wa mitambo, na nilikuja kuomba kazi ya kuchora. Kwenye benchi la usaili nilikaa karibu na msichana aliyebeba vyeti vyake katika bahasha ya ngozi yenye kishikizo cha shaba. Vyangu vilikuwa kwenye mfuko wa sukari. Niliitazama ile bahasha. Nadhani niliitazama zaidi kidogo ya inavyostahili, kwa sababu mwanamume mfupi aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi alinyanyuka akaja mbio, ameshika kipimo cha presha.

"Binti, hapo hapo ulipo! Usipepese macho!" alisema, huku ananifunga mkanda mkononi. Akaujaza upepo, akatazama mshale, akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. "Arobaini na nne! Kwa bahasha!"

Huyo alikuwa Bwana Mafunda, Mkurugenzi wa Vipimo. Kipimo chenyewe kilitoka zahanati, lakini alikuwa amefuta tarakimu za madaktari na kuandika zake kwa wino. Mshale ukianza kupanda ulipita kwanza kwenye Nakupongeza, kisha Wivu Mdogo, kisha Wivu wa Maendeleo, ambako ndiko zilikuwa nyuzi sabini. Juu yake kulikuwa na Kijicho. Mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa pameandikwa Uchawi, Mwite Polisi.

Niliajiriwa siku ile ile kwa cheo cha Kipimo cha Taifa, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza liliachwa wazi kwa heshima ya Mtukufu. Nilikula kiapo kwamba nitasema kweli ya moyo wangu bila kuongeza wala kupunguza, na nilikisema kwa sauti ndogo hata ikabidi Bwana Mafunda aniombe nirudie mara tatu.

*

Mradi wa kwanza ulikuwa pikipiki. Si hizi za kubebea mkaa na mbuzi. Hii ilikuwa pikipiki ya daraja la juu, ya kutembelea tu, na iliitwa Ufahari kabla haijawa na hata boliti moja. Mbunifu wake alikuwa Mhandisi Chande, mtu mrefu mwenye penseli sikioni, ambaye alimsikiliza Waziri kama mtu anayesikiliza injini mbovu: kichwa kimeinama, macho kafumba.

"Chande," alisema Mheshimiwa Tung'ombe, "nataka pikipiki ambayo jirani akiisikia tu inapita, chai imwagike."

"Sawa, Mheshimiwa. Injini iwe ya ukubwa gani?"

"Ukubwa wa kumwaga chai."

"Na uzito?"

"Uzito wa mtu mzito. Ikithibitishwa kabla ya Siku ya Taifa, utakula na wakubwa. Isipothibitishwa, kuna nafasi Idara ya Toroli, kule Kisiki."

Kisiki ni wilaya ambayo hata Kurugenzi ya Kuchungulia huipa mgongo.

Chande alijua chuma, lakini mkono wake ulichora kama kuku aliyepita kwenye unga. Na mimi, kati ya kipimo kimoja na kingine, sikuwa na kazi. Nikaanza kwenda karakana na rula yangu. Yeye akieleza, mimi nikichora. Alinieleza pembe ya vyuma vya mbele vinavyoshika gurudumu: ukivilaza sana pikipiki inageuka kwa uvivu kama meza inayohamishwa, ukivisimamisha sana inakurusha. Tulichonga tangi la mafuta kwa udongo, tukalipunguza kila siku unene wa ukucha. Siku moja nilisema, polepole, kwamba naona goti la dereva halina pa kukaa. Akapitisha kiganja ubavuni mwa lile tangi, akachukua kijiko chake cha chai, akachimba kibonde pale pale nilipoonyesha.

"Sasa? Siwema, wewe unaonaje?"

Katika Wizara nzima hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wengine walinijaza upepo tu wakasoma mshale.

Ekzosi ilitutesa. Tulijaribu mabomba kumi na matatu. Moja lilikohoa, jingine lilipiga kelele kama mnada. La kumi na nne lilitoa sauti ya chini, nzito, yenye kukatika katika, kama mtu anayecheka peke yake kwa jambo alilolikumbuka. Tulitazamana. Hilo ndilo tulilolifunga.

Ilipokamilika ilikuwa ya rangi ya biringanya, spoki zinang'aa, siti ya ngozi imeshonwa kwa uzi mweupe, na kile kibonde cha goti kiko mahali pake. Wakubwa wakaja. Nikaketi kwenye stuli yangu, mkanda mkononi. Turubai likavutwa.

Nilitazama kibonde. Nilimtazama Chande, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Tatu," alisema Bwana Mafunda. Akagonga kioo kwa kidole. "Nyuzi tatu. Nakupongeza."

"Tatu!" Waziri akanijia mpaka nikaona meno yake ya nyuma. "Binti, huoni wivu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Ni nzuri sana."

"Si ndiyo maana uone wivu!"

Mtu ataoneaje wivu kitu ambacho mistari yake ameichora mwenyewe, kikiwa mikononi mwa huyo aliyekuwa anamchorea? Nikatazama viatu vyangu. Chande akatazama vyake. Mshale ukashuka hadi mbili.

*

Wizara haikukata tamaa. Iliongeza vioo sita vya kutazamia nyuma. Iliongeza honi tatu, moja ya kuitikia nyingine. Nyuzi mbili. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba pikipiki haina maneno.

Kwetu kanga isiyo na maneno ni shuka, na pikipiki isiyo na maneno kwenye mpira wa madigadi, pale nyuma juu ya gurudumu, ni yatima. Ikaitishwa Kamati ya Maneno ya Madigadi, wajumbe kumi na wanne, na ikakaa siku kumi na tisa. Kila mjumbe alikuja na maneno aliyokuwa amemwekea mjumbe mwenzake tangu zamani. "Ukiwashwa Jikune" yalikataliwa kwa sababu Katibu Mkuu alikuwa na ukurutu wa kweli. "Mwenye Chongo Usimwonyeshe Njia" yalileta ngumi. Hatimaye yakapita yale ambayo hayakumuuma mtu yeyote: "Kuumia Kwenu Ndiko Kujengeka Kwetu." Nikapewa brashi na rangi nyeupe niyaandike, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa wa chuo.

Nyuzi mbili na nusu. Nadhani ile nusu ilikuwa njaa.

*

Kisha akaletwa Yusta.

Yusta alitoka Idara ya Habari. Sura yake ilikuwa kwenye kalenda ya Wizara miezi yote kumi na miwili, na Februari alitokea mara mbili. Walimleta apigwe picha ya tangazo, na picha nzuri, walisema, ni ya pikipiki inayotembea. Alinisalimia, akanikatia nusu ya kashata yake. Nilijitahidi sana siku ile kutafuta ubaya wake, na mpaka leo sijaupata. Hilo lilizidi kuniudhi.

Chande akapanda mbele. Yusta akapanda nyuma, akaweka gauni lake vizuri.

"Nishike wapi, kaka?"

"Kiunoni, la sivyo utadondoka."

Akashika. Pikipiki ikacheka kicheko chake, ile sauti yetu, ikazunguka uwanja wa Wizara. Mkanda ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Thelathini," alisema Bwana Mafunda, nusu amesinzia. "Hamsini." Akaamka. "Sabini! Themanini! Mheshimiwa, njoo uone! Mia! Mia na nne!"

Mshale ulikuwa umeingia kwenye wino mwekundu. Kwa kuwa taratibu ni taratibu, polisi aliitwa, akaandika jina langu na jina la mama yangu. Waziri alicheza ngoma bila ngoma. Baadaye kikao kiliona nyuzi mia na nne ni nyingi kwa taifa changa, likatolewa pendekezo zishushwe hadi sabini na nane, na likapita bila kupingwa.

Lakini wataalamu ni watu wa kuchokonoa. Walitaka kujua wivu unatoka kwenye kipuri kipi. Walimpandisha Chande peke yake: nyuzi mbili. Walimpandisha Yusta peke yake: nyuzi nane, na nakiri zilikuwa za viatu vyake. Walimpandisha Yusta, dereva akawa Mheshimiwa Tung'ombe: sifuri kavu, na Waziri hakunisalimia wiki nzima. Walipowarudisha wote wawili, Chande mbele na Yusta nyuma, mkanda ulipasuka.

Ripoti ya kurasa mia mbili ikahitimisha kwamba Chande na Yusta ni sehemu ya pikipiki. Wakaandikishwa: Kipuri Namba 211 na Kipuri Namba 212. Mwanasheria wa Wizara akatoa tahadhari kwamba vipuri viwili visipokazwa vitaachana barabarani, na kwa binadamu nati inayotambulika kisheria ni moja tu, nayo ni ndoa.

"Itafungwa Siku ya Taifa," alisema Waziri, "mbele ya mgeni wetu, Rais wa ng'ambo ya mto. Watapita mbele ya jukwaa, kipimo kitasomwa hadharani, shehe na padri wote watakuwepo, atakayewahi afungishe."

"Mheshimiwa," alisema Chande, "mimi sijaposa mtu."

"Serikali imekuposea."

"Na nikikataa?"

"Kisiki kuzuri. Kuna hewa."

Chande akageuza kichwa akanitazama. Ukumbi mzima ulikuwa na watu arobaini na akanitazama mimi. Nilikuwa nimeapa kusema kweli ya moyo wangu, na ningeisema kama ningeulizwa. Lakini siku zote waliniuliza kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Nikaanza kuhesabu alama za rula.

Kesho yake karakana, alizunguka meza yangu mara mbili.

"Siwema, wewe unaonaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu... siti. Siti ya nyuma."

"Siti ni nzuri," nilisema. "Imeshonwa vizuri."

Alichukua kifutio akafuta mstari ambao haukuwepo. Akaenda zake.

Majuma yaliyobaki niliyapitisha vibaya. Kila siku walifanya mazoezi ya kupita mbele ya jukwaa, na kila siku nilisikia kile kicheko cha ekzosi kikienda na kurudi. Niliionea wivu helmeti ya Yusta. Niliionea wivu skrubu ambayo Chande huishika kwa meno akiwa na kazi ya mikono miwili. Saa nne ilipofika wenzangu waliacha kuumia wakanywa chai, mimi nikaendelea mpaka saa za kutoka. Bwana Mafunda alinisifu kwa bidii.

*

Asubuhi ya Siku ya Taifa nilitumwa karakana. Mpira wa madigadi ulikuwa umebadilishwa, mpya haukuwa na maneno, na sherehe ilikuwa saa nne. "Yaandike yale yale," alisema Bwana Mafunda, akakimbilia uwanjani kutafuta kivuli cha kuweka stuli yangu.

Nilibaki na pikipiki, brashi na rangi nyeupe.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kumjibu mtu kwa mdomo maisha yake yote. Akichokozwa alinyamaza, akaingia ndani, akabadilisha kanga. Alikuwa nazo ishirini na saba, na alipofariki hakuna jirani aliyekuwa na dukuduku kuhusu alichokuwa akikiwaza.

Nikachovya brashi. Herufi zilikaa sawa, hakuna hata moja iliyoteleza.

Uwanjani, marais wawili walikaa bega kwa bega, kila mmoja amewekewa mto wa ziada ili amzidi mwenzake urefu, hivi kwamba wote miguu ilikuwa inaning'inia. Mgeni alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Stuli yangu iliwekwa juu ya jukwaa dogo, na mshale wa kipimo ulikuwa umeunganishwa na ubao mkubwa kama saa ya stesheni, ili taifa zima lisome.

"Ndugu wananchi!" Waziri aliunguruma. "Wenzetu wameunda vyombo vya kwenda mbele. Sisi tumeunda chombo cha kuwafanya wenzetu watamani kurudi nyuma!"

Watu wakashangilia kwanza, wakafikiri baadaye.

Pikipiki ikaingia. Chande mbele amevaa suti ya kukodi, Yusta nyuma na shela, mikono kiunoni. Mshale ukaanza kupanda ubaoni. Arobaini. Sitini. Sabini! Uwanja ukalipuka. Kikombe cha mgeni kikagonga kisahani chake. Themanini. Pikipiki ikapita mbele ya jukwaa, ikatuonyesha mgongo wake, na kwa mara ya kwanza watu wakaona mpira wa madigadi.

UMEPAKIWA TU, HUJAPENDWA.

Wanaume walisoma wakapiga makofi, kwa kuwa yaliandikwa na serikali. Wanawake ndio walioelewa. Kigelegele kilianzia jukwaa la mashariki kikazunguka uwanja mzima.

"Weee! Hapo kuna mtu!"

"Kapashwa huyo, kapashwa!"

"Bibi harusi, shuka! Umepakiwa tu!"

Wajumbe kumi na wanne wa Kamati ya Maneno walitazamana, kila mmoja ana uhakika ni mwenzake. "Maneno hayo yalipitishwa na kikao gani?" Waziri alinong'ona, mbele ya kipaza sauti.

Chande alisikia kelele hazifanani na kelele za mazoezi. Akasimamisha pikipiki, akashuka, akazunguka nyuma kutazama kama tairi limeisha upepo. Akasoma. Akasoma tena. Herufi M yangu ina miguu mifupi; mwalimu wa chuo alinikata alama kwa ajili yake kila muhula, na Chande alikuwa ameiona kwenye kila mchoro wa pikipiki ile tangu boliti ya kwanza.

Akainua macho mpaka kwenye stuli yangu. Nilitamani stuli iwe shimo.

Yusta naye alishuka akasoma, midomo ikimcheza. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika gurudumu asianguke. Akavua shela, akaja moja kwa moja hadi nilipokaa.

"Jamani, dada! Nimepashwa mbele ya marais wawili! Si ungesema tu? Mimi nina mchumba wangu fundi cherehani, na nilikuwa nawaza nitamwambiaje. Na huyu wako, mwenzangu, njia nzima ni pembe ya vyuma vya mbele. 'Siwema alisema hivi, Siwema alichora vile.' Masikio yananiuma!"

Chande alikuwa amesimama nyuma yake, helmeti kwapani.

"Siwema," alisema. "Wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimekula kiapo, na hatimaye nilikuwa nimeulizwa.

"Naona nipande," nilisema, na safari hii hakuna aliyeniomba nirudie.

"Mkanda!" Bwana Mafunda alipiga yowe. "Usiondoke na mkanda, ni mali ya serikali!"

Nilipanda nao. Mpira wa upepo ulijifungua nyuma yetu kama utumbo wa kamba, na kwenye ubao mkubwa mshale ukaporomoka mbele ya taifa: themanini, hamsini, ishirini, sifuri. Kisha mpira ukachomoka. Tulizunguka uwanja mara moja tu. Goti la Chande lilikuwa ndani ya kibonde chake. Injini ilikuwa inacheka peke yake, na nadhani na mimi nilikuwa nacheka, maana Yusta alisema baadaye kwamba alinisikia.

Tuliporudi mbele ya jukwaa niliwaona wote. Mheshimiwa Tung'ombe alikuwa anauma tai yake. Rais wa ng'ambo ya mto alikuwa amesimama, chai imemwagika mpaka kwenye soksi. Bwana Mafunda, mtu wa kazi, alikuwa ameutoa mkanda wa akiba akaufunga kwenye mkono uliokuwa karibu yake bila kutazama ni wa nani, na ulikuwa wa Mtukufu Rais. Mshale ulipita Kijicho bila kusalimia. Uliingia kwenye wino mwekundu ukagota.

Polisi wa zamu alifungua daftari. Akatazama kipimo. Akautazama mkono, akamtazama mwenye mkono. Akafunga daftari akalirudisha mfukoni.

"Mbona mimi nikipanda," Mtukufu alisema taratibu, na kipaza sauti kikamsikia, "sifurahi hivyo?"

*

Pikipiki ilithibitishwa siku ile ile kwa nyuzi ambazo hazijawahi kuandikwa. Siku ile ile pia ikapitishwa sheria kwamba kitu chochote kinachomtia wivu Rais ni cha Rais. Kwa hiyo iliundwa moja tu. Tunaambiwa Mtukufu huizungusha bustanini kila Jumamosi. Alianza peke yake, kisha akampakia Waziri, kisha akampakia Katibu Mkuu, na Bwana Mafunda hukaa kwenye stuli akisoma mshale ambao haujasogea. Kamati imeundwa kuchunguza siti.

Sisi tuko Kisiki. Adhabu yetu inaendelea vizuri. Toroli ina gurudumu moja na haina siti, lakini Chande amerekebisha pembe ya mikono yake, na mimi nimechora ubavu mpya usiochubua miguu ya anayesukuma. Nyuma ya karakana kuna mteremko. Kazi ikiisha, mimi hukaa ndani ya toroli, yeye husukuma, na lile gurudumu tumelipaka grisi mpaka linatoa sauti ninayoijua. Kuna mnara mmoja wa Kurugenzi ya Kuchungulia unaoonekana kutoka pale. Zamani darubini yake ilitazama ng'ambo ya mto. Siku hizi, tukifika chini ya mteremko, huwa naiona imetugeukia.

Juzi imekuja barua. Wizara imepata taarifa za kuaminika kwamba Kisiki kuna toroli ya daraja la juu. Iandaliwe kwa vipimo mara moja. Kwa ajili ya picha, atatumwa Yusta kukaa ndani yake, Chande akisukuma.

Chande aliisoma kwa sauti akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Yusta ni rafiki yangu sasa. Alituletea mwaliko wa harusi yake na fundi cherehani, na pakiti mbili za kashata, na nilikula zote.

Kisha nikaenda nikapima ubao wa nyuma wa toroli kwa rula yangu. Maneno matatu yanaenea.